Kabla ya kuuliza chuo gani, uliza swali gani

Wiki mbili zilizopita binti wa khalati yangu alinijia baada ya maghribi, kompyuta yake mkobani. Amemaliza shahada ya kwanza ya uchumi, ana daraja la pili la juu, na alitaka jibu moja tu: "Dada, niombe uzamili chuo gani?" Tukaketi barazani hapa Kibokoni, mama akatuletea kahawa na tende, na mpaka inaadhiniwa isha hatukuwa tumetaja jina la chuo hata kimoja. Aliondoka amenuna. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa wengine wengi wanaonipigia simu na swali lile lile. Hata mimi nililianza jambo hili kwa swali hilo, likanipotezea mwaka mzima.

Mara ya kwanza niliomba nafasi saba. Nilifungua orodha za ufadhili mtandaoni, nikachagua kila mpango uliosema unalipa karo yote, nikaandika barua moja ya nia na kuituma kote, nikibadilisha jina la chuo peke yake. Barua yenyewe ilianza kwa kueleza kwamba nimezaliwa kando ya bahari na nimeipenda tangu utotoni. Watano walinikataa, wawili hawakujibu. Nilijifungia chumbani siku mbili nikiamini kwamba wameona alama zangu ni ndogo, au wameona mtoto wa Mombasa hana lolote. Baadaye, nilipoisoma tena ile barua kwa utulivu, niliona kwamba mtu yeyote aliyesomea sayansi ya bahari, popote duniani, angeweza kuweka jina lake chini yake na isibadilike kitu. Msomaji hakuona kilichonileta.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyewahi kutueleza darasani. Shahada ya kwanza unapewa: ratiba, masomo, mitihani, na mtu wa kukuambia umepata ngapi. Uzamili una madarasa pia, lakini uzito wake uko kwenye utafiti unaoufanya chini ya msimamizi, na tasnifu unayoiandika na kuitetea mbele ya watu wanaolijua jambo hilo kukuliko. Uzamivu, yaani shahada ya udaktari (PhD), ni zaidi ya hapo. Wavuvi wetu wana neno mzamivu, mtu anayezama na pumzi yake mpaka apate alichokifuata. Mzamivu hajitupi majini popote. Chombo kimetia nanga mahali anapopajua, na ameshuka kutafuta kitu chenye jina. Wanaokaa kuchagua nani apewe nafasi wanatafuta mtu wa namna hiyo, hata kama pumzi yake bado ni fupi.

Mimi kitu changu nilikipata kwenye tope. Mwaka ule niliokataliwa nilijitolea na kikundi cha kina mama wanaopanda mikoko kwenye hori la Mwache, upande wa Jomvu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, ukafunika mizizi, na mikoko mingi pale ikafa. Tulikuwa tukipanda miche ya mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, safu kwa safu. Baada ya miezi michache safu za upande mmoja zilikuwa zimekauka zote. Mama mmoja mtu mzima, ambaye hakusoma zaidi ya madrasa, alisimama akatazama akasema: "Pale mchu unajiotea wenyewe. Sisi mbona twalazimisha mkoko?" Nilikaa na maneno yale usiku kucha. Mchu ni mti mwingine kabisa, una mizizi midogo inayochungulia juu ya tope kama penseli, na unavumilia mahali ambapo mkoko hauvumilii. Kwa nini vikundi vingi vinapanda mkoko hata pasipo pake? Ni kwa sababu mche wake ni mrefu, rahisi kuokota na kuchomeka? Na je, tope lililoletwa na mafuriko limebadilisha nini chini?

Barua yangu ya pili ilianza na mama yule na safu zilizokauka. Sikutaja utoto wangu. Nilieleza nilichokiona, nilichosoma juu yake, nilichokuwa bado sikielewi, na kwa nini idara ile, yenye watu wanaopima mashapo na mizizi, ndiyo inayofaa kunifundisha. Kurasa mbili. Niliomba nafasi tatu tu mara hii, kila moja na barua yake, na mbili kati yake zilinikubali. Niliyoichagua, huko Ubelgiji, ilikuja na ufadhili.

Kabla ya kuomba niliwaandikia watafiti. Vijana wengi wanaogopa sehemu hii, nami nawasihi msiiruke. Chukua makala moja ya mtu huyo, uisome mpaka mwisho, hata kama itakuchukua juma zima. Kisha mwandikie barua pepe fupi, sentensi saba au nane: wewe ni nani, umesoma nini kwake, una swali gani linalogusa kazi yake, na je anapokea wanafunzi mwaka ujao. Usimwambie akusaidie upate skolashipu. Mimi niliandika barua nane. Watano walinyamaza. Mmoja akasema hana nafasi lakini akanielekeza kwa mwenzake, na huyo mwenzake ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wangu. Ukinyamaziwa, ngoja juma mbili, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha endelea na mwingine.

Sasa barua za mapendekezo. Hapa niliumia, na nataka mnielewe vizuri. Vyuo vingi vya nje hutaka barua mbili au tatu kutoka kwa waliokufundisha. Mara ya kwanza nilimfuata profesa mwenye jina kubwa katika idara yetu, kwa sababu ya cheo chake. Alikubali kwa upole kabisa. Hakunijua. Tulikuwa wanafunzi zaidi ya mia katika darasa lake, na barua aliyoandika, nilivyokuja kuambiwa, ilisema kwamba nilihudhuria na nikapata alama nzuri. Barua moja kati ya hizo ilifika siku mbili baada ya tarehe ya mwisho. Wakati huo huo alikuwepo mhadhiri kijana aliyesimamia mradi wangu wa mwaka wa nne, aliyekwenda nami ufukweni jua likichomoza, aliyeona nikikosea vipimo na kuvirudia. Sikumwomba, nikidhani jina lake ni dogo. Mara ya pili nilimwomba yeye. Msomaji wa barua hizi anatafuta mtu aliyekuona ukifanya kazi.

Mwombe mapema, angalau wiki sita kabla. Mpelekee kila kitu pamoja: matokeo yako, rasimu ya barua ya nia, orodha ya vyuo na tarehe zake, na ukurasa mmoja unaomkumbusha ulifanya nini chini yake. Mwulize waziwazi kama anaweza kukuandikia barua yenye nguvu. Akisita, mshukuru utafute mwingine. Mara nyingi chuo humtumia kiungo moja kwa moja, na hupendelea anwani yake ya kazi kuliko ya kibinafsi, kwa hiyo hakikisha unayo na kwamba huwa anaifungua. Siku tatu kabla ya mwisho, mpigie simu. Wahadhiri wetu wana kazi nyingi, na kumkumbusha mkubwa wako kwa heshima si utovu wa adabu.

Hati rasmi ya matokeo iombe hata kabla hujajua utaomba wapi. Chuo changu kilinikalisha miezi, nikipanda basi kila mara kwenda kuulizia dirisha moja na kuelekezwa jingine. Tengeneza nakala, ziweke pia mtandaoni. Pasipoti nayo uishughulikie mapema.

Kuhusu nchi na pesa, jueni kwamba mifumo haifanani, na wengi wanakosea hapa. Hapa kwetu Kenya uzamili kwa kawaida ni miaka 2, na vyuo hutaka daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini mara nyingi hukubaliwa akiwa na uzoefu wa kazi au akipitia stashahada ya uzamili kwanza. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ina mkopo wa wanafunzi wa uzamili, jambo ambalo wengi hawalijui kwa kuwa wanaikumbuka kwa deni la shahada ya kwanza. Uingereza uzamili mwingi ni mwaka 1, na ufadhili wa Chevening unataka uwe umefanya kazi kama miaka 2, kwa hiyo usiuombe mwezi baada ya mahafali. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo, lakini Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, na hata pasipo karo ubalozi utataka kuona pesa za kujikimu mwaka mzima zimewekwa kwenye akaunti maalumu. Mipango ya Erasmus Mundus, ile ya uzamili wa pamoja inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, hukuzungusha katika nchi mbili au zaidi, na wanaopata ufadhili wake hupewa yuro 1,400 kila mwezi.

Marekani ni tofauti kabisa. Huko unaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na katika sayansi nyingi idara hulipa karo na kukupa posho, nawe unafundisha au unasaidia utafiti. Uzamili wao, kinyume chake, mara nyingi unajilipia karo mwenyewe. Kijana wa Mombasa mwenye swali zuri na alama nzuri anaweza kupata miaka mitano ya uzamivu inayolipiwa huku akidhani hafai hata kuomba. Ada ya maombi hufika dola 75 au 100 kwa chuo, lakini vyuo vingi huisamehe ukiomba kwa barua. Idara nyingi hazidai tena GRE, ule mtihani wa jumla wa kuingilia masomo ya juu. Soma ukurasa wa idara yenyewe. Kwa Kiingereza, matokeo ya mtihani wa lugha wa IELTS hudumu miaka 2, basi usiufanye mapema mno, na uliza kwanza kama barua kutoka chuo chako, kwamba ulisoma kwa Kiingereza, inatosha.

Na tafadhali, msimpe mtu pesa ili "awapitishie" ufadhili. Wapo hapa mjini, wana ofisi zenye picha za ndege ukutani. Ufadhili wa kweli haukutozi kitu ili uchaguliwe.

Mwaka wa maombi unaanza kusi ikivuma bado. Chevening hufunguliwa Agosti. Mipango mingi ya Erasmus Mundus hufunga kati ya Novemba na Februari, na ya Marekani Desemba au Januari. Ukingoja kaskazi iingie ndipo uanze kutafuta mhadhiri wa kukuandikia, umechelewa. Mimi ningeanza mwezi wa Juni, na swali mkononi.

Sidhani kwamba kwenda nje ni bora kuliko kubaki, na inaniuma tunavyoyapita yaliyo mlangoni. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iko Mkomani, mwendo mfupi kutoka daraja la Nyali. Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani, na kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome ambacho kina mpango wa kuwafunza vijana waliomaliza shahada ya kwanza. Tudor kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwenzangu mmoja alibaki, akasomea uzamili wake hapa Pwani huku akifanya kazi, na data yake ya samaki ni bora kuliko yangu, kwa sababu alikuwa ufukweni kila bamvua, miaka miwili mfululizo.

Kama sababu pekee ya kuomba ni kwamba kazi hazipatikani, sikulaumu. Najua maisha yalivyo. Lakini hali hiyo pekee haitakubeba usiku wa saa nane ukiwa umekwama kwenye tasnifu, mbali na nyumbani, baridi inakata masikio. Mwaka mmoja wa kujitolea au kufanya kazi ndogo karibu na jambo unalolipenda unaweza kukusaidia kuliko kuomba haraka.

Ijumaa iliyopita binti wa khalati alirudi. Hakuja na kompyuta, alikuja na daftari. Marehemu babake alikuwa na kibanda cha chakula Changamwe, karibu na yadi za makontena, na biashara ilianguka baada ya reli ya kisasa kuanza kubeba mizigo badala ya malori mwaka 2018. Alikuwa amekwenda kuzungumza na wauza chakula watano waliobaki na wawili waliohama, akaandika kila mmoja alikuwa akiuza sahani ngapi kwa siku wakati huo na sasa anauza ngapi. Akaniuliza, "Dada, nani ameandika kuhusu watu hawa?" Tukafungua simu, tukaanza kutafuta.