Mkuu, irudishe hiyo CV steshenari kabla ya Alhamisi

Umeandika kwamba Alhamisi una intavyuu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na jamaa wa steshenari "ameichangamsha" CV yako kwa elfu kumi, akaongeza uzoefu wa mifumo ya forodha. Halafu unauliza suti rangi gani, tai, picha ya WhatsApp na jina la barua pepe. Mkuu, mimi nimeishia hapo kwenye kuchangamsha, damu ikanichemka. Mstari huohuo ndio ulionitoa machozi.

Mwaka 2018 nilikuwa na diploma na miezi miwili ya field kwenye bandari kavu moja hapa Dar. Kazi yangu ilikuwa getini: kontena linaingia, nasoma namba, nakagua sili, naandika kwenye daftari. Sili ni ile lakiri ya kufungia mlango wa kontena. Basi. Jamaa wa steshenari akaniambia, "Ukiandika hivyo nani atakuita? Weka TANCIS, weka kuandaa TANSAD. Kila mtu anaweka." Yaani mfumo wa kompyuta wa forodha, na fomu ya kutolea tamko la mzigo ndani yake. Nikatoka na kurasa tatu zenye bluu pembeni. Nilizipenda, sifichi.

Nikaitwa. Nimenyoa, nimepiga pasi, nimefika nusu saa kabla. Mama aliyenihoji hata shati hakulitazama. Mstari ule alikuwa ameupigia kalamu nyekundu. Akavuta droo, akanisogezea nakala ya BL, ile hati ya mzigo wa meli, na ankara. "Mwanangu, huu ni mzigo wa vipuri. Nionyeshe unavyofungua TANSAD, HS code unaitoa wapi, na thamani ya forodha unaipataje."

HS code ni namba ya kutambulisha aina ya bidhaa. Thamani ile ni bei ya mzigo, bima na nauli mpaka bandarini. Darasani nilifundishwa, mtihani nilifaulu. Lakini pale niliisoma ankara mara tatu nisione hata herufi. Feni inapeperusha karatasi, mimi nimeibana kwa kidole. Mwisho nikasema kweli: huo mfumo sijawahi kuugusa.

Akafunga faili taratibu. "Sisi tulikuwa tunatafuta kijana wa kumfundisha. Aliyekagua sili getini ndiye tuliyemtaka."

Ngoja, bado. Msimamizi wangu wa bandari kavu nilimweka kuwa mdhamini kwenye CV, wakampigia. Jioni akanipigia mimi. "Mdogo wangu, nimeulizwa kama nilikufundisha TANCIS. Ulitaka nijibu nini? Jina langu usiliweke tena popote." Huyo ndiye mtu pekee mjini hapa aliyekuwa akinijua kikazi. Kazi nyingine nitapata, nilijua, ila yule mzee nilimpoteza kwa mistari miwili ambayo hata sikuiandika mimi. Nilikaa mwaka mzima na zaidi nikiomba kazi bila mtu wa kunisemea.

Na hao wanaokuambia "kila mtu anaweka", waulize walikuwa wapi Aprili 2017, ripoti ya uhakiki wa vyeti ilipokabidhiwa Dodoma ikiwa na watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Mimi nilijitetea moyoni kwamba sijaghushi cheti, nimeongeza maneno tu. Anayekuhoji hana muda wa kupima uongo huu mkubwa, ule mdogo. Akishaukuta mmoja, na ile diploma uliyoisotea anaanza kuitilia shaka.

Jamaa wa steshenari haji kukaa na wewe kwenye kiti kile. Hela yako ameshakula, kesho anambandikia mwingine mistari ileile, na makosa yaleyale ya herufi. Mpaka leo nikipita mbele ya duka lake nakasirika.

Kwa hiyo fanya hivi leo usiku. Mpe dada yako au rafiki hiyo CV, asome mstari mmoja mmoja na kila mstari akuulize, "Ulifanyaje?" Usipoweza kueleza dakika tano, siku gani, na nani, uliharibu nini ukarekebishaje, ufute. Hata ikibaki nusu ukurasa. Mimi yangu ilibaki nusu ukurasa, na kazi niliyonayo sasa niliipata kwa kueleza namna ya kutambua sili iliyochezewa.

Ya tai na picha wengine watakujibu. Kama ile CV uliyokwishawatumia ndiyo hiyo ya kuchangamshwa, waandikie kesho asubuhi, waambie unatuma iliyosahihishwa. Na huyo uliyemweka mdhamini, mpigie kabla hawajampigia wao.