Barua kwa mwanangu: mkono kwenye gauni

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Uliniuliza kwenye simu kwa nini wengine wanashikilia kwamba kila mtu anajichagulia maisha yake, na wengine wanasema yote yalishapangwa. Nilikuwa nafungua belo la mitumba, ndiyo maana nikasema "tutaongea". Sasa nimekaa.

Naanza na marehemu baba yako. Tulipomaliza kuezeka nyumba hii aliwaambia wageni, "Nimejenga kwa jasho langu." Mwaka ule wa pombe, duka lilipofilisika, mtu yuleyule akasema, "Ndivyo nilivyopangiwa." Nilimcheka, ila na mimi ni hivyohivyo. Kikifaulu ni changu, kikiharibika ni mpango wa Mungu. Lakini jirani akikosea hatumwachii kadari hata kidogo: alitaka mwenyewe! Nadhani imani nyingi juu ya jambo hili huanzia hapo kwenye kugawana sifa na lawama, vitabu vinakuja baadaye.

Na vitabu vyenyewe vimegombana. Sisi Walutheri tunahimizwa kila Jumapili tuchague mema, ilhali Luther mwenyewe mwaka 1525 alimjibu Erasmus, msomi aliyetetea uhuru wa utashi, kwamba kwenye mambo ya wokovu utashi wa mtu umefungwa. Mama wa meza ya pili pale sokoni ni Mwislamu, kuamini kadari kwake ni nguzo ya imani, lakini sijawahi kumwona akiiachia kadari impangie bei.

Aliyenikaa kichwani ni yule mtafiti uliyenisimulia, Benjamin Libet wa Marekani. Mwaka 1983 alionyesha kwamba ubongo huanza kujiandaa kama nusu sekunde kabla mkono haujasogea, na mwenye mkono huhisi ameamua ikiwa imebaki kama sehemu ya tano tu ya sekunde. Mimi hilo naliona sokoni Kiboriloni kila siku. Mteja anasema "naangalia tu", vidole vimeshakamata pindo la gauni vinapima kitambaa. Ukimuuliza, atakwambia kapenda rangi. Hadanganyi. Mkono wake anauona, kilichousukuma hakioni, basi anajiona huru.

Lakini Libet huyohuyo aliamini mtu bado anaweza kulizuia tendo kabla halijatokea. Juzi mama mmoja alikuwa ameshakunja gauni la kijani, pesa mkononi. Akasita. Akaziangalia zile noti, akasema, "Hii ni ada ya mtoto," akalirudisha mezani na kulinyoosha kwa kiganja. Utaniambia hata kule kusita kuna chanzo chake kwenye ubongo. Haya, bishana na mwalimu wako. Mimi niliuona uso wake.

Baba yako naye, siku aliyoacha mbege, hakusema kapangiwa wala kaamua. Alitoka na kata imejaa, akaimwaga yote kwenye shina la mgomba, akaingia ndani kulala.

Mama yako