Yaya (dada) unayekimbia choo kila saa, usiache maji

Pole sana yaya. Umesema unaenda choo mara 15 kwa siku, labo walipima mkojo na sukari hawakuona kitu, na sasa umeamua kuacha kunywa maji. Hapo kwa maji ndipo unajiumiza, mi nilifanya vilevile karibu mwaka mzima.

Mi nashonaka nguo huku Bukavu, ku soko ya Kadutu, choo cha pale ni cha kulipa na kuna siku franka za choo zilipita za chakula. Nikasema basi sinywi kitu mpaka mangaribi. Mkojo ukawa mweusi kama chai, na mkojo mkali hivyo ndio unachokoza kibofu zaidi, nikawa nakimbia kuliko mbele. Mama mmoja muganga (daktari) akaniuliza, ukienda unatoka mwingi ao kidogo? Sikujua. Nikapima siku tatu na kikombe cha plastiki, naandika ku daftari ya vipimo vya wateja (usicheke), kila mara ni kama mililita 100 tu, na kibofu cha mutu mzima kinabeba 300 mpaka 500! Kumbe hakijajaa, ni musuli yake inajikaza mbele ya saa. Na mi ndiye niliizoesha, juu nilikuwa naenda choo bila hamu, eti nisije nikashikwa njiani: mbele ya kutoka nyumba, mbele ya basi, nikifika soko tena.

Dawa yangu ilikuwa kuchelewesha. Wiki ya kwanza dakika 5, kisha 10, kisha 15, pole pole mpaka nikafika masaa mawili na nusu kati ya choo na choo, ilichukua kama miezi miwili usidanganywe na watu wa wiki moja. Hamu ikija usikimbie, ukikimbia umekwisha. Simama ao kaa, kaza kule chini kama unazuia mkojo, achilia, kaza tena haraka haraka mara tano, pumua, hamu inapanda halafu inashuka yenyewe. Mi ilikuwa inanishika nikiona tu mlango wa kwetu, ufunguo mkononi, miguu imefungana, watoto wa jirani wananiangalia.

Kahawa nilipunguza kutoka vikombe vinne mpaka kimoja cha asubuhi, hiyo iliniuma kuliko yote, kahawa yetu ya Kivu unaijua. Usiku nafunga kunywa masaa mawili mbele ya kulala. Mizizi ya kuchemsha niliyouziwa ilinikojoza tu.

Lakini ukiona damu, homa, maumivu ao miguu kulegea, rudi kwa muganga mbio, na kama unameza dawa za tansio (presha) muulize pia, zingine zinakojoza.

Leo naenda mara 7 ao 8. Mvua ikipiga bati bado inanishinda mara moja moja, siku hizo kitenge cha pili kiko ndani ya sakoshi.