Skani ya shingo bila dawa si skani pungufu

Mtu akiandikiwa skani ya CT ya shingo, yaani picha za eksirei zinazoundwa na kompyuta, na fomu ikasema "bila kontrasti", yaani bila dawa ya kung'arisha picha, wengi wetu hapa Mombasa huona amepunjwa. Nimewasikia watu kwenye foleni wakibembeleza watiwe ile sindano ya dawa, wakiamini picha ya bei ya juu ndiyo picha ya kweli. Baada ya kumuuguza khalati yangu, nawasihi jambo moja: kabla hujauliza bei, muulize daktari anatafuta nini.

Khalati alikwamwa na mwiba wa samaki, changu. Nyumba nzima ikamletea matonge ya wali, kisha ndizi, ausukume chini. Tafadhalini, msifanye hivyo! Tonge laweza kuuzamisha mwiba zaidi, hata ukatoboa umio. Kesho yake alikuwa hamezi mate bila kukunja uso. Daktari wa masikio, pua na koo alimchungulia asiuone, akaandika skani isiyo na dawa. Alitueleza vizuri sana: mfupa hutoka mweupe kwenye picha, na ile dawa nayo huifanya mishipa ya damu ing'ae nyeupe. Kutafuta kimwiba humo ni kama kutafuta chembe ya chumvi ndani ya sukari. Eksirei ya kawaida nayo huikosa miiba mingi ya samaki. Skani iliuonyesha, ukatolewa.

Skani ya aina hii hufaa pia kuangalia mifupa ya shingo baada ya ajali ya bodaboda, vijiwe kwenye tezi za mate, au kiasi rovu linavyobana njia ya pumzi. Haifai sana kwa usaha uliojificha, uvimbe unaoshukiwa saratani, matezi yaliyovimba au mishipa ya damu. Kwa hayo, dawa ndiyo hutenganisha kilicho kizima na kilicho kigonjwa. Basi kama una uvimbe shingoni na fomu yasema bila kontrasti, uliza kwa adabu kwa nini. Huenda figo zako ni dhaifu, au dawa hiyo ilikudhuru zamani. Huenda pia una saratani ya tezi ya thairoidi na utatibiwa kwa ayodini ya mionzi, ambayo huzuiwa kufanya kazi na ayodini iliyomo kwenye kontrasti kwa majuma kadhaa.

Na hili la kamba, ambalo watu husema anayedhuriwa naye hawezi kutiwa kontrasti kwa sababu ya ayodini: mzio wa kamba au kaa si mzio wa kontrasti. Kinachowadhuru watu kwenye kamba ni protini yake, si ayodini. Mwambie daktari, lakini usijikatalie dawa kwa sababu hiyo peke yake.

Maandalizi ya skani isiyo na dawa ni mepesi. Kwa kawaida hufungi kula, hupimwi figo kwanza, na anayemeza metformini, dawa ya kisukari, haachishwi kwa ajili ya skani hii. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Mwenye mimba, au anayeshuku, aseme kabla hajalala kitandani, kwa sababu CT hutumia mionzi. Mionzi ya skani ya shingo ni kama ile ya asili ambayo mtu huipata kwa mwaka mmoja au miwili, basi isifanywe bila sababu, na isikataliwe palipo na sababu.

Vua kila chuma kuanzia kifuani kwenda juu: mkufu, hereni, kipini, chupio za nywele, pini za mtandio, hirizi yenye kikasha cha fedha, na meno ya bandia. Chuma huchora mistari inayoharibu picha. Akina mama, nendeni na mtandio wa pamba usiohitaji pini, na ombeni mhudumu wa kike mkipenda. Si aibu kuomba.

Ndani utalala chali, mikono ubavuni, na utaambiwa uvute mabega chini sana, kwa maana mabega huifunika shingo ya chini. Mashine ni pete pana iliyo wazi, si lile shimo refu lenye kelele la MRI, mashine ya picha itumiayo sumaku. Picha yenyewe ni sekunde chache. Katika sekunde hizo usimeze mate wala usiseme. Meza kabla hawajaanza.

Kuhusu malipo, uliza mapema kama SHA, bima ya afya ya serikali, itagharamia na kama kibali chahitajika. Chukua ripoti na picha zote kwenye sidii uziweke, maana daktari wa baadaye atataka kulinganisha.

Daktari akikuita urudie skani kwa dawa, usidhani unaibiwa. Mwiba ukishaleta usaha au ukikaribia mshipa mkubwa, yeye huhitaji kuona zaidi. Na ripoti ikitoka safi lakini bado unadungwa kooni, rudi kwa daktari. Ukipata homa, shingo ikavimba, ukatapika damu, mate yakakushinda au pumzi ikabana, nenda usiku huohuo.