Jibu: Yatima anateswa kwa jirani, tumwachie Mungu?

Bwana Yesu asifiwe, dada. Unauliza kama Mathayo 18:6 inatutaka tumwachie Mungu huyo jirani yako hapo Ngamiani anayempiga yatima na kumnyima chakula. Hapana! Mstari huo unasema anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa, ingemfaa afungwe jiwe la kusagia shingoni na kuzamishwa baharini. Jiwe la pale ni lile kubwa la kuzungushwa na punda, si la kusagia kwa mkono, kwa hiyo hukumu ni nzito kweli. Lakini mstari wa 10 unatuamuru sisi tusiwadharau wadogo hawa.

Kwanza angalia kama mtoto ana majeraha. Akiwa hatarini piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Andika tarehe na ulichokiona mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwenye taarifa aripoti serikali ya mtaa. Usianze kwa kumkabili jirani, anaweza kumhamisha mtoto usiku.