Kagueni na zinazotoka

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye vitengo vya kompyuta, hasa nyinyi wa mafunzo kwa vitendo: acheni kuzima ukaguzi wa virusi kwenye barua pepe zinazotoka. Juzi nimemkuta tena mmoja wenu ameuzima, eti ankara za mhasibu "zinakwama". Hazikukwama, mdogo wangu, zilikuwa zinakaguliwa.

1. Kirusi husafiri kwa jina la mtu anayeaminika. Machi 1999, Melissa kilijificha kwenye faili la Word, kikajituma kwa anwani 50 za kwanza za Outlook, programu ya barua pepe. Mei 2000 ILOVEYOU kikatokea Ufilipino, kikajituma kwa kila aliyekuwamo kwenye orodha ya anwani. Kiambatisho kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, lakini Windows ilificha ile .vbs, yaani kiishilio kinachoonyesha kuwa ni programu, watu wakaona maandishi ya kawaida yaliyotoka kwa mtu wanayemjua. Onyesheni viishilio vya mafaili kwenye kila mashine mnayoishika.

2. Msidhani hayo ni ya zamani. Kirusi Emotet kilikuwa kinaiba mazungumzo ya kweli ya barua pepe na kujibu humohumo. Kwenye ofisi moja niliyoihudumia, mashine ya mhasibu ilikipata. Mteja wao, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akapokea sentensi moja ya Kiingereza na faili la Word. Chini yake kulikuwa na maneno halisi ya yule dada mhasibu: "Shikamoo mzee, mabati yako yatafika Alhamisi." Angeachaje kuamini? Faili likagoma kufunguka, akapiga simu ofisini. Kijana wa dawati la msaada, kwa moyo mweupe kabisa, akamwambia: "Ruhusu makro, mzee, itafunguka." Makro ni programu ndogo iliyo ndani ya faili, na humo ndimo kirusi kilimokaa. Ikafunguka. Kirusi kikaanza kuwaandikia wateja wa mzee, watu ambao ofisi ile haikuwajua kabisa. Ukaguzi wa zinazotoka ulikuwa umezimwa, kwa sababu ileile ya ankara. Yule kijana alikuwa mchapakazi. Hakuna aliyekuwa amemfundisha, ndiyo maana nawaandikia nyinyi.

3. Zip (faili lililobanwa) yenye nywila kikaguzi hakioni ndani yake, kwa hiyo kagueni mafaili kabla ya kuyafunga.

4. Jaribuni ukaguzi kwa faili la EICAR, faili la majaribio ambalo vikaguzi hulichukulia kama kirusi, herufi 68 zisizo na madhara. Likipita, ukaguzi haufanyi kazi.

5. Kirusi kikishatoka, chomoeni waya wa mtandao na pigieni wateja simu, mmoja mmoja. Msiwaandikie barua pepe, maana hawatajua ipi ni yenu.