Ganzi inagoma kwenye jino lenye usaha, kwa nini?

SWALI: Dokta shikamoo. Niko mwaka wa tatu meno hapa Dar, farmakolojia nimeikariri yote lakini juzi kliniki nimeumbuka. Kaja mama mmoja, gego la chini limevimba, usaha tupu. Nikapiga katriji (kichupa cha sindano) ya kwanza ya lignokaini, dawa ya ganzi, pembeni ya jino, nikasubiri, nikagusa, mama karuka. Nikaongeza ya pili, bado. Mwalimu akaniangalia akasema tu "kasome pKa" akaondoka zake. Sasa pKa na usaha wapi na wapi? Na nikiendelea kuongeza naishia katriji ngapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usijilaumu, wote tumepita hapo, ila mwalimu naye angeongeza hata sentensi moja jamani.

Iko hivi, lignokaini ukishaichoma inakuwa na sura mbili, yenye chaji na isiyo na chaji. Ganda la neva ni mafuta, na yenye chaji haipiti kwenye mafuta, ni kama mtu kajitwika gunia halafu yuko mbele ya mlango mwembamba. Isiyo na chaji ndo inapenya, ikishafika ndani inabeba tena lile gunia na kwenda kuziba njia za sodiamu, zile neva inazotumia kupeleka ishara, kutokea hukohuko ndani, neva inanyamaza. Kwa hiyo zote mbili zina kazi, hiki ndo kitu wengi wanakariri nusu.

pKa ni ile pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) ambayo hizo sura zinagawana nusu kwa nusu, na ya lignokaini ni kama 7.9. Tishu nzima ina pH 7.4, hapo karibu robo ya dawa haina chaji, inatosha kabisa. Kwenye usaha kuna asidi, tuseme pH imeshuka hadi 6, piga hesabu mwenyewe utaona inabaki kama asilimia 1 tu. Yaani dawa umeiweka na ipo, imekwama nje mlangoni. Halafu mishipa ya damu pale imetanuka kwa sababu ya uvimbe, nayo inaibeba dawa haraka inaondoka nayo, na neva yenyewe imeshachokozeka, ukigusa kidogo tu inapiga kelele.

Ndo maana gego la chini unapiga bloku, kule nyuma neva inapoingilia kwenye taya, mbali na uvimbe. Jipu kama limeiva, usaha utolewe. Kurundika katriji palepale ni kumwaga maji kwenye pakacha.

Kuhusu katriji ngapi: lignokaini ya asilimia 2 maana yake mg 20 kwa kila ml, kwa hiyo katriji ya ml 1.8 ina mg 36. Kiwango cha juu kinachofundishwa sana ni mg 4.4 kwa kilo, ikiwa na adrenalini wengi wanafika mg 7 kwa kilo kwa sababu adrenalini inabana mishipa na dawa inaingia kwenye damu polepole. Mama wa kilo 50 bila adrenalini ni mg 220, katriji sita hivi. Ila mtoto wa kilo 15 ni mg 66, na katriji mbili ni 72, umeshapitiliza hata hujaanza kung'oa! Mtoto mpime uzito, usimkadirie kwa macho.

SWALI: Daktari, mgonjwa wangu yuko kwa metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, na Jumamosi ana harusi, atakunywa pombe tu hata nikimkataza. Nifanyeje? (Mombasa)

JIBU: Mwambie asinywe akiwa kwenye dozi na siku mbili baada ya kumaliza, anaweza kutapika na moyo kumwenda mbio. Lakini mimi ningehangaika zaidi na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kuliko bia. Metronidazoli inazuia ini kuivunja warfarini, damu inakuwa nyepesi kuliko ulivyotegemea, na mzee uliyemng'oa jino asubuhi anakurudia usiku na kitambaa chekundu mdomoni.